Zuhura na Vifo Visivyofika Hospitali

Vijana mnaoanza kazi ya kumbukumbu za wagonjwa, nimeombwa niwape maneno mawili matatu ya kuwasaidia, na mimi si mtu wa hotuba. Nitawaeleza habari za Zuhura. Nikizimaliza, nitakuwa nimewaambia sehemu kubwa ya niliyojifunza kazini.

Mimi wananiita Mama Deo. Nilikaa masjala ya hospitali hapa Songea tangu nikiwa binti mwembamba mpaka nilipostaafu nikiwa kama mnavyoniona. Niliikuta kazi ni ya kadi na mafaili. Ukiingia chumbani mwetu asubuhi unasikia harufu ya karatasi kuukuu na dawa ya mende, na dirishani watu wamejaa, kila mmoja anataka faili lake kabla ya mwenzake. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Mbawala, mtu wa maneno machache ambaye alishonewa mifuko mikubwa kwenye koti ili abebe kadi nyingi kwa safari moja. Alinifundisha jambo ambalo nalirudia kwenu: usimsomee mgonjwa jina lake. Mwache alitaje mwenyewe.

Sababu yake ni hii. Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri ataitikia jina lolote. Palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Furaha, jina ambalo wanaume na wanawake wote wanalo. Muuguzi alitokeza kichwa akauliza, "Wewe ndiye Furaha?" Mzee akaitikia, akapewa faili, akafuata alikoelekezwa. Tulimkuta kliniki ya wajawazito, amekaa kwa adabu kabisa na kofia yake magotini, anasubiri kupimwa uzito. Alisema aliona wote waliokuwepo ni kina mama, akadhani siku hiyo wanaume wamekuja wachache.

Sasa niwafikishe kwa Zuhura. Alikuja akitokea Tanga, afisa TEHAMA, amejifunga mtandio na juu yake koti zito ambalo alilivaa mpaka mchana. Alinikuta dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu Songea."

"Nishakaribia. Baridi hii mama'angu ni ya leo tu au ndivyo mlivyo?"

Nikamwambia asubiri mwezi wa sita ndipo aulize. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno, sisi wa huku tukawa tunamuuliza maswali yasiyo na maana ili tumsikie anavyojibu. Lakini kilichonifanya nimpende hakikuwa lugha. Nilizoea kuona wataalamu wa kompyuta wakifika, wanafungua mitambo yao, wanatuelekeza pa kubonyeza, wanaondoka. Zuhura alivuta kigoda akakaa karibu yangu dirishani wiki nzima bila kugusa kompyuta. Alikuwa anatazama watu wanavyosema majina yao.

Siku moja aliniuliza, "Mama Deo, yule dada asubuhi kasema anaitwa Maria Komba. Ukamuuliza nyumbani wanamwitaje. Kwa nini?"

"Kwa sababu akina Maria Komba hapa wanaweza kujaza kanisa," nikamjibu. "Jina la ubatizo ni la wengi, na ukoo ni wa wengi. Jina la nyumbani ndilo la kwake."

Hakucheka. Aliniomba nimweleze zaidi, nami nikamweleza yale ya Mzee Mbawala: uliza jina la nyumbani, uliza jina la mama yake, uliza kitongoji, na usitegemee namba ya simu peke yake kwa sababu simu moja inaweza kutumiwa na nyumba nzima. Alipotengeneza mfumo wake aliyaweka yote hayo ndani. Alipokuwa akiuelezea mbele ya wakubwa alisema wazi kwamba sehemu ile imetoka masjala. Wengi wangekaa kimya. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma mlangoni, nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Mfumo wenyewe nitawaeleza kwa lugha yangu. Zamani zahanati ilikuwa na daftari lake, kituo cha afya lake, hospitali lake, na mochwari lake. Mwisho wa wiki kila mahali walituma idadi: malaria wangapi, kuhara wangapi, walioumwa na mbwa wangapi. Idadi haina sura. Huwezi kujua kama aliyeng'atwa na mbwa kule ndiye aliyechomwa sindano huku. Na mtu akifia nyumbani, hakuwa kwenye daftari lolote kati ya hayo. Alizikwa, na kwetu hospitalini akabaki hai. Zuhura alitaka mtu awe mmoja kila anakokwenda, na akifariki, popote pale, habari yake ije ikae chini ya yale yaliyompata akiwa hai.

Si wote walioupokea. Daktari wetu mkuu, mtu mwema lakini mchovu, alimwambia kikaoni, "Zuhura, wauguzi wangu hawana muda. Sasa unataka waandike mara ya pili?"

"Nataka waandike mara moja, daktari," akasema, "halafu wasiulizwe tena kitu kilekile na mtu mwingine."

Daktari akasema ajaribu kwa wodi moja. Zuhura alianza na hiyo wodi moja. Umeme ulikatika, mtandao uligoma, kuna wauguzi waliokiita kishikwambi chake kisirani, na yeye alikuwa anapita na chupa ya chai ya tangawizi akiwamiminia huku anarekebisha. Hakuwahi kumwambia muuguzi yeyote, "Wewe hujui." Alisema, "Hapa mfumo umekuchanganya, ngoja niunyooshe." Yale maneno nayapenda mpaka leo. Taratibu wodi zote zikaingia, kisha zahanati za mjini na za vijijini.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa vile vifo vya nyumbani. Kwa hayo alihitaji watendaji wa vijiji, nami nikafuatana naye kwenye kikao chao huko Namtumbo. Akawaomba kwamba mtu yeyote akifariki kijijini, wamtumie kwa simu maneno machache: jina, jina la nyumbani, kitongoji, na nini kilionekana kabla hajafa. Akasimama mtendaji mmoja, Bwana Mapunda, wa kijiji kilicho mbele ya Hanga ambacho sitakitaja kwa heshima ya wafiwa.

"Binti," akasema, "mimi habari ya kifo inanijia kukiwa na ugomvi wa shamba. Mtu akifa vizuri tunamzika, tunakaa msiba, tunatawanyika. Sasa nikupigie simu nikuambie nini?"

"Na akifa vibaya, baba?"

"Hapo nitakupigia."

Watu wakacheka. Zuhura naye akacheka, kisha akasema taratibu, "Mimi sijui kufa vizuri ni kupi. Basi anza na hao wa vibaya."

Niliona mle chumbani wamemkubali kidogo, lakini Mapunda alikunja karatasi yake ya maelekezo mara nyingi mno, nikajua hataifungua.

Kumbe nilikosea. Masika yalipokuwa yanaisha, asubuhi moja Zuhura alikuja masjala hakuniamkia. Alinishika mkono tu. "Mama Deo, njoo unitazamie."

Kwenye kompyuta yake palikuwa na ujumbe wa Mapunda. Mwanaume, mkulima, baba wa watoto wadogo, amefariki nyumbani. Ameugua siku chache. Alikataa maji, akisogezewa kikombe koo linamkaza na mwili unashtuka. Ndugu wanasema amerogwa. Na chini ya ujumbe huo mfumo ulikuwa umemfuata mwenyewe ukamleta: mtu huyohuyo, jina la nyumbani hilohilo, aling'atwa na mbwa miezi iliyopita, akaja kwetu mjini akachomwa sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa, hakurudi kwa zilizobaki. Kidonda kilipona, palizi ilikuwa imeshika kasi shambani, akaona amekwisha pona.

Vijana, ugonjwa ule dalili zikishaanza hakuna dawa. Kinachookoa ni kuosha kidonda hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda mrefu, halafu kukimbilia sindano na kuzimaliza zote. Muwaambie watu hivyo hata sokoni.

Zuhura aliusoma ule ujumbe mara ya pili. Kisha Zuhura akasema, "Mbwa hang'ati mmoja." Akauomba mfumo umletee wote walioumwa na mbwa vijiji vya jirani kwa kipindi kile. Zahanati ya ng'ambo ya mto, ambayo haikuwa na habari kabisa za marehemu, ilikuwa imepokea watu wawili: bibi mmoja na mtoto wa shule. Wote walimtaja mbwa mweusi asiye na mkia. Marehemu naye alimtaja huyohuyo. Kwenye taarifa za zamani wangekuwa moja huku na mbili kule, na asingekuwepo mtu wa kuwakutanisha.

Bibi alikuwa amemaliza sindano zake zote. Mtoto alisafishwa kidonda, akaandikiwa aende kituo cha afya, na baada ya hapo hakuonekana popote. Jina lake Rehema Komba. Niliposoma jina hilo niliguna, maana akina Rehema Komba nao wamejaa. Lakini mbele yake paliandikwa jina la nyumbani, Masika, na jina la mama, na kitongoji. Tulijua tunamtafuta nani.

Tuliondoka na Dokta Nyoni, kijana anayefuatilia magonjwa ya mlipuko wilayani. Barabara ilikuwa utelezi, gari likawa linatembea ubavu. Mapunda alitupokea barazani kwa ofisi yake, hana utani safari hii.

"Mama, nashukuru mmefika," akaniambia mimi, kwa sababu ndimi mkubwa kwa umri. "Kule msibani hali si nzuri. Wanamtupia maneno mjane."

Tulimkuta mjane uani, amekaa peke yake na mtoto mgongoni. Mama mkwe na ndugu wa marehemu walikuwa upande wa pili, kwenye mkeka wao. Chakula kilikuwa kimeletwa, ugali na likolo, kama tunavyoita mboga huku, na sahani ya mjane ilikuwa haijasogezwa. Dada mmoja wa marehemu alisema bila kutuficha kwamba kaka yao aliogopa kikombe kwa sababu alijua kimewekwa nini.

Dokta Nyoni aliketi chini kwenye mkeka, viatu akavivua. Hakuwafundisha. Aliwauliza marehemu aling'atwa wapi, wakakumbuka: njia ya mashineni, mbwa mweusi, vijana wakamuua siku ileile. Akawauliza kama walishaona ng'ombe au mbwa mwenye kichaa anavyoshindwa kunywa. Mzee mmoja akasema ndiyo, aliona zamani. Basi Dokta akawaeleza polepole kwamba ugonjwa wa mbwa ule ulikaa mwilini mwa ndugu yao muda wote huo akiwa analima, na ulipopanda kichwani ndio ukamfunga koo. Kwamba angekataa maji ya mke wake, na ya mama yake, na ya padri vilevile.

Mjane akasema neno lake la kwanza. "Maji nilimpa mimi kwa sababu alikuwa na kiu. Ndilo kosa langu?"

"Hapana, dada," akasema Dokta. "Hapana kosa hapo."

"Basi muandike hivyo. Muandike ni mbwa."

Zuhura aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasema, "Tumeandika, dada yangu. Limeshaandikwa, na halifutiki."

Mama mkwe aliangalia ile sahani kwa muda. Halafu akanyanyuka, kwa taabu, magoti yake hayakuwa mazuri, akaibeba akampelekea mkwewe, akakaa naye palepale chini. Hakusema samahani, wala hakuulizwa. Akamfungua mtoto mgongoni ili mama yake apate kula. Dokta akapanga wote waliomuuguza marehemu wakachomwe sindano, mjane wa kwanza.

Nikawa naona tumeshapata jambo kubwa, lakini Masika alikuwa bado. Tulipofika kwao na Mapunda, bibi yake, si yule aliyeng'atwa, alituambia hayupo, alichukuliwa na shangazi yake tangu kidonda kilipokauka, anasoma mjini.

"Mjini wapi, mama?" nikamuuliza.

"Huko Songea. Karibu na kanisa."

Kwa mji wetu, hilo ni sawa na kuniambia karibu na mahindi. Simu ya shangazi haikupatikana. Pale kijijini mtandao hakuna, kwa hiyo Mapunda akatupandisha kilimani nyuma ya shule, mahali wanapokwenda kupigia simu, na Zuhura akafungua kishikwambi. Asubuhi tulipotazama mjini hapakuwa na kitu. Lakini zahanati moja ya mjini umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na kumbukumbu zao ziliingia mchana huo uliporudi. Zuhura aliandika Masika, akaandika jina la mama. Akakisogeza karibu na macho.

"Yupo. Katibiwa Mshangano."

Mimi naishi Mshangano. Mtaa uliotajwa pale ni wa upande wa pili wa shamba langu la maharage.

Ndipo akasoma mstari wa chini na sauti ikampungua. "Kaletwa ana homa, mama."

Dokta Nyoni akauliza kama alipimwa malaria. Alipimwa, akakutwa nayo, akapewa dawa. Ilikuwa ni faraja, lakini si faraja ya kutosha, maana mtu anaweza kuwa na malaria na lingine juu yake. Safari ya kurudi ilikuwa ya sala. Zuhura alikuwa anasoma dua midomo ikicheza tu, nami nilikuwa na rozari yangu mfukoni, na dereva alituacha tuendelee na kazi zetu.

Tulifika jua lingalipo. Mtoto alikuwa uani anasugua sufuria kwa mchanga. Msichana mrefu kwa umri wake, amenyoa, kovu la mguu linaonekana chini ya sketi. Akasimama akatuamkia wote kwa zamu, shikamoo mama, shikamoo baba. Shangazi akatoka ndani anafuta mikono, amepata hofu kuona gari la serikali.

Dokta alikuwa ameshafungua mdomo, Zuhura akamtangulia. "Tuna kiu, mwanangu. Tuletee maji."

Mtoto akaingia ndani akaleta jagi na kikombe. Zuhura alimimina, akanywa nusu, akamimina tena akamnyooshea.

"Na wewe kunywa. Umefanya kazi."

Sitasahau namna sisi wazee na wasomi tulivyosimama tukimtazama mtoto mmoja anakunywa maji. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakiinua, akanywa mpaka mwisho, koo linapanda na kushuka vizuri tu. Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Mbona mnaniangalia?" akauliza.

Zuhura alikuwa amegeuka anatazama ukuta wa jirani, mabega yanatikisika ndani ya lile koti lake. Mimi nilimwambia mtoto kwamba anapendeza, ndiyo maana.

Alianza sindano siku hiyohiyo, na shangazi yake hakumkosesha hata moja. Dokta alituambia ukweli kwamba ameanza kwa kuchelewa, na kwamba itabidi tukae na wasiwasi kwa muda. Tulikaa nao. Nikiwa nadondoa maharage nilikuwa nanyanyua kichwa kila nikisikia watoto wanapita kutoka shule, mpaka nione ile miguu mirefu. Muda ukapita, Masika akaendelea kupita, na sasa ananiamkia kwa kelele kutoka mbali na kuniomba mahindi mabichi.

Msije mkadhani kompyuta ndiyo iliyomtafuta. Kompyuta ilikuwepo sehemu nyingi na watu bado wanapotea. Mtoto yule alitafutwa na muuguzi wa ng'ambo ya mto aliyeandika jina la nyumbani wakati foleni ni ndefu, na mhudumu wa Mshangano aliyeingiza kazi ya jana yake umeme uliporudi badala ya kuiacha. Hawakuonana na hawajui hata leo walichokifanya. Zuhura ndiye aliyewakutanisha, na nikisikia mtu anasema kazi yenu ni ya kuandika tu, namhurumia.

Niliagwa kazini miezi michache baadaye. Siku ile ya mwisho nilikuwa nimekaa ofisini kwa Zuhura tunakunywa chai yake, simu ikalia, akaiweka kwenye spika ili na mimi nisikie. Alikuwa Mapunda.

"Binti, habari za huko? Nina msiba hapa kwangu. Mzee mmoja wa kitongoji cha juu."

Zuhura akavuta kompyuta karibu. "Pole sana, baba. Kilionekana nini kabla hajafariki?"

"Hakuna kitu. Hakuugua, hakuna ugomvi, hakuna mbwa. Ni uzee. Amelala na hakuamka, na wajukuu zake wote wapo."

Tukasikia upande wake watu wanaimba.

"Huyu amekufa vizuri kabisa," akasema. "Lakini nimeona nisimwache nje."